Tunapobana matumizi tusianzie jikoni

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua za wasomaji ili nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika majuzi kwamba familia yenye madeni haina budi kuanza kwa kupunguza chakula, na kwamba anayepaswa kulisimamia jambo hilo ni mama wa nyumba kwa kuwa yeye ndiye anayeshika sufuria. Naamini aliandika kwa nia njema na sina ugomvi naye. Lakini nimeishi ndani ya jambo hilo kwa zaidi ya mwaka mmoja, nikiwa mwalimu wa sekondari hapa Morogoro, mke wa fundi seremala na mama wa watoto watatu, na hesabu nilizoziandika kwa mkono wangu zinanionyesha kuwa ushauri ule, ukifuatwa kama ulivyo, unaweza kuifanya familia ishinde na njaa huku madeni yakibaki palepale.

Sisi tulikwisha kuujaribu. Oktoba ya mwaka juzi tuliondoa maziwa kwenye chai ya watoto, nyama ya Jumapili ikageuka dagaa, na asubuhi watoto wakawa wanakwenda shule na chai ya rangi bila kitafunwa. Mwisho wa mwezi tulikuwa tumeokoa takriban shilingi 40,000. Mtoto wetu wa mwisho, aliyekuwa darasa la pili, alianza kusinzia darasani hadi mwalimu wake akaniuliza kwa upole kama nyumbani kwangu kuna mgonjwa. Mume wangu naye aliniuliza zile 40,000 zimekwenda wapi, maana hakuona deni lolote lililopungua, nami nilikuwa na jibu ambalo sikuthubutu kulitamka.

Ili jibu hilo lieleweke, sina budi kuueleza mshahara wangu, jambo ambalo watumishi wengi hatupendi kulifanya hadharani. Hesabu hizi ni za wakati ule. Mshahara wangu wa msingi ulikuwa shilingi 860,000. Mchango wa hifadhi ya jamii, asilimia 5, ulichukua 43,000; bima ya afya, asilimia 3, ilichukua 25,800; kodi ya mapato ilichukua 82,250; chama cha wafanyakazi, asilimia 2, kilichukua 17,200; na Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, ambayo tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2016 hukata asilimia 15 ya mshahara wa msingi, ilichukua 129,000. Hapo zilibaki 562,750. Kisha benki ilikata 270,000 za mkopo tuliouchukua kwa ajili ya kumalizia nyumba, nikabakiwa na 292,750. Tazama jinsi nambari hiyo ilivyokaa: theluthi moja ya 860,000 ni 286,667 kasoro kidogo, na utaratibu wa utumishi wa umma unataka mtumishi asikatwe hadi kushuka chini ya theluthi hiyo. Benki ilihesabu vizuri sana. Ilinifikisha ukingoni kabisa mwa kile ambacho sheria inaruhusu, ikasimama hapo.

Waliokuja baada ya benki hawakusimama. Mwezi Mei wa mwaka juzi niliingia katika ofisi moja ndogo ya wakopeshaji wa aina ile ambayo mitaani tunaiita kausha damu, nikakopa shilingi 500,000. Shilingi 200,000 kati ya hizo zilikuwa za kutimiza ahadi niliyoitoa katika kikao cha sendofu ya binamu yangu, na zilizobaki zilinunua bati za banda la mume wangu. Yeye nilimwambia kwamba ni fedha za mchezo wa walimu. Riba ilikuwa asilimia 20 kwa mwezi. Dhamana ilikuwa kadi yangu ya benki pamoja na namba yake ya siri. Kila mshahara ulipotoka, wao ndio walioutoa mashineni, wakachukua 100,000 yao ya riba, na iliyobaki wakanihesabia mkononi kama mtoto anayepewa nauli. Deni lenyewe la 500,000 halikupungua hata shilingi moja. Theluthi ile ambayo sheria inailinda ili mtumishi apate kula ndiyo hasa ambayo wakopeshaji hawa wanaiwinda, kwa sababu wanajua hakuna mwingine aliyeifikia kabla yao. Nyumbani nilisema makato yameongezeka. Nilimdanganya mume wangu kwa miezi tisa, na ninaliandika hili kwa sababu najua kwamba katika shule nyingi wapo walimu, wake kwa waume, ambao leo hii kadi zao hazimo mifukoni mwao.

Februari ya mwaka jana, baada ya watoto kulala, tulikaa mezani na daftari. Mume wangu ndiye aliyetaka tukae, kwa kuwa mwenye duka la mbao alikuwa amekuja kumdai mbele ya wateja na hakuweza tena kulificha. Aliandika kwanza: mbao, shilingi 780,000. Sikuwa nalijua deni hilo, nikahisi hasira ikinipanda, kisha nikakumbuka la kwangu. Nikaichukua kalamu nikaandika 500,000, na pembeni nikaandika 100,000 kila mwezi. Alizitazama nambari hizo kwa muda mrefu, halafu akaniuliza swali moja tu: "Mama Watoto, hizi ndizo zote, au kuna nyingine?" Zilikuwepo nyingine. Kikoba kilitudai 600,000, dukani kwa Mangi tulikuwa na 142,000, mikopo ya simu ilifika 85,000, na ahadi za michango ambazo kila mmoja wetu alikuwa amezitoa kwa wakati wake zilifika 230,000. Ukiacha mkopo wa benki, tulikuwa tunadaiwa shilingi 2,337,000, na hakuna hata mmoja kati yetu aliyekuwa akiijua jumla hiyo kabla ya usiku ule.

Napenda msomaji mwenzangu alizingatie jambo hili kabla ya kutaja sufuria. Nyumba ambayo baba ana madeni yake na mama ana madeni yake, kila mmoja akiyaficha kwa kumwonea mwenzake aibu au huruma, haiwezi kubana matumizi kwa sababu haijui inabana kwa ajili ya nini. Mwenye kuona upungufu hudhani mwenzake ni mfujaji. Mume wangu alidhani sijui kupanga bajeti ya chakula. Mimi nilidhani kazi ya useremala imekuwa na uzembe ndani yake. Wote wawili tulikuwa tunalipa watu wa nje kimyakimya kutoka katika fungu lilelile la unga.

Baada ya madeni tuliandika matumizi ya mwezi, kwanza kwa kukumbuka, kisha kwa kuandika kila kilichotoka mkononi kwa siku kadhaa. Chakula kilichukua 270,000. Mkaa na gesi 54,000, umeme na maji 42,000, nauli 52,000, michango ya sherehe na misiba 75,000, vocha na bando 36,000, matumizi ya shule ya watoto 45,000, fedha ya mama yangu mzazi aliyeko kijijini 30,000, marejesho ya kikoba 40,000, na ile riba 100,000. Jumla ni 744,000. Mapato yetu, yaani zile 292,750 zangu pamoja na wastani wa 350,000 anazopata mume wangu bandani, yalikuwa 642,750. Pengo lilikuwa shilingi 101,250.

Nilipoipata nambari hiyo niliihesabu mara ya pili na ya tatu, kwa kuwa nilidhani nimekosea. Pengo letu la kila mwezi lilikuwa karibu sawasawa na riba ya mkopeshaji mmoja. Kila tulichokopa kwa Mangi, kila mkopo wa simu tuliouchukua tarehe ishirini ya mwezi, kila maziwa tuliyowanyima watoto, vyote vilikuwa vinakwenda kuijaza 100,000 ile ambayo haikuwahi kupunguza deni lolote. Ndiyo maana Oktoba ile hatukuona tulichookoa. Tulikuwa tumewapunguzia watoto chakula ili tumlipe mtu ambaye, kwa hesabu zake, angeendelea kulipwa hadi nitakapostaafu.

Kwa hiyo swali la kwanza la kubana matumizi halikuwa tule nini. Lilikuwa tuufungeje mlango ule. Kwa miezi miwili tulipunguza yale nitakayoyataja hapa chini, tukapata ziada ya kama 66,750 kwa mwezi, lakini kwa mwendo huo tungehitaji miezi mingine mingi ya kulipa riba kabla ya kuifikia 500,000. Mume wangu akaamua kukiuza kitanda chetu. Kilikuwa cha mninga, futi sita kwa sita, alikichonga mwenyewe mwaka tulioanza kujenga, na wateja waliokuja nyumbani walikuwa wakikiulizia mara kwa mara. Alikiuza kwa 420,000. Tukaongeza 80,000 kutoka katika ile akiba ya miezi miwili, na mwisho wa Machi tulikwenda pamoja, mimi na yeye, tukalipa 500,000 taslimu, nikapewa kadi yangu. Siku hiyohiyo nilibadilisha namba ya siri. Tangu nilipokopa hadi siku hiyo nilikuwa nimewalipa riba ya miezi kumi na moja, yaani 1,100,000, na kwa kuongeza mtaji wenyewe nililipa 1,600,000 kwa ajili ya kutumia 500,000.

Hapa lazima niseme jambo ambalo sikulijua wakati nakopa, na ambalo laiti ningelijua mapema. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka kila mkopeshaji wa aina hii awe na leseni, wakopeshaji wasiopokea amana wako chini ya usimamizi wa Benki Kuu ya Tanzania, na Benki Kuu imeweka ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa mkopo wangu hiyo ingekuwa shilingi 17,500 kwa mwezi. Kwa miezi kumi na moja ingekuwa 192,500, mahali nilipolipa 1,100,000. Tofauti hiyo ni zaidi ya miezi tisa ya mkaa na gesi, umeme na maji, au zaidi ya miezi minne ya shilingi 200,000 na ushee ambazo sasa zinatosha kuilisha familia yangu ya watu watano. Mkopeshaji wangu hakunionyesha leseni yoyote, nami sikuiomba, kwa sababu mtu aliyeingia pale akitazama nyuma asije akaonekana hana ujasiri wa kudai karatasi.

Sasa nije kwenye yale tuliyoyapunguza, na la kwanza ni michango. Kati ya matumizi yote niliyoyataja, hili ndilo lililotupa uchungu mkubwa kulikata, kwa kuwa halikatwi chumbani bali mbele za watu. Katika mji kama wetu mwalimu ni mtu wa kuwekwa kwenye kamati. Haupiti mwezi bila kadi mbili au tatu za mchango: harusi ya jirani, sendofu ya mtoto wa mwalimu mwenzako, kichenpati ambayo sare yake ni kitambaa cha rangi ambayo hutaivaa tena. Siku hizi majina huandikwa katika kundi la WhatsApp, aliyetoa akiwekewa alama, aliyeahidi akiandikwa kiasi alichoahidi, na kila jioni katibu anairudisha orodha ile juu ili ambaye hajatimiza ajione. Mwenyekiti wa kamati akikuandikia kwamba ahadi ni deni, huna la kujibu, kwa sababu ni kweli. Ndiyo maana sisi tuliziandika ahadi zetu kwenye ukurasa wa madeni, na baada ya hapo tukakubaliana kutoahidi tena.

Zile 230,000 tulizokuwa tumeshaahidi hatukuzikimbia. Mume wangu alikwenda kwa wenyeviti wa kamati mmoja mmoja, akaeleza kwamba tuna madeni, akaomba tutoe 100,000 kwa jumla na tusamehewe zilizobaki. Wawili walikubali bila maneno. Mmoja alisema tunajidai maskini ilhali mke ni mtumishi wa Serikali, na maneno hayo yalizunguka mtaani kwa wiki kadhaa. Tangu hapo tumetenga 15,000 kwa mwezi, nayo ni ya msiba peke yake. Harusini tunakwenda tukialikwa bila kadi, tunasaidia kupanga viti na kupika, na mume wangu amewahi kutengeneza jukwaa la maharusi kwa mbao zake bila malipo. Wapo ndugu waliokasirika, na wapo ambao wamenijia pembeni kuniuliza tulianzaje, maana nao wamechoka. Sisemi watu waache kusaidiana, kwa sababu mimi mwenyewe nilishikwa mkono na jirani zangu nilipofiwa na baba. Ninachosema ni kwamba kuchangia ukumbi na mpambaji kwa fedha iliyokopwa kwa asilimia 20 hakumsaidii bwana harusi wala bibi harusi, kwani hata wao, asubuhi ya pili, wataanza kupokea kadi.

Jikoni tulifika, lakini tulifika mwisho, na tulipofika hatukuondoa mlo. Tulibadilisha namna ya kununua. Mwenye deni hununua kwa vipimo vidogo: sukari robo, mafuta ya kupimiwa kwenye chupa, unga kilo moja, mkaa wa kopo, tena dukani kwa yule anayemdai kwa sababu huko ndiko anakokopeshwa, na kwa bei ambayo hawezi kuibishia. Nikijumlisha vipimo hivyo vya mwezi naona tulikuwa tunalipa gharama ya gunia bila kuliona gunia. Tuliungana na majirani wawili tukaagiza mahindi kutoka Gairo, tukagawana na kila nyumba ikasagisha kwa zamu. Maharage tulinunua kwa debe. Mboga na nyanya nikawa nazifuata Soko la Mawenzi Jumamosi jioni wakati wauzaji wanapunguza bei, badala ya kuzinunua genge la jirani kila siku. Chakula kikashuka kutoka 270,000 hadi 215,000, na katika fedha hizo maziwa ya watoto yalirudi. Maharage kuyaloweka usiku na kupika mara moja kwa siku mbili kulipunguza mkaa na gesi hadi 38,000. Bodaboda niliiacha, natembea hadi kituo cha daladala, nauli ikawa 36,000. Vocha na bando kwa nyumba nzima ikawa 15,000. Ukijumlisha pamoja na michango, tulipunguza shilingi 168,000 kwa mwezi, na katika hizo ni 55,000 tu zilizotoka kwenye chakula.

Yapo tuliyokataa kuyagusa. Fedha ya mama yangu haikupunguzwa, kwa kuwa kwake 30,000 ndiyo dawa na sabuni na mafuta ya taa, na mtu wa miaka sabini na mitano hawezi kuambiwa asubiri hadi mwanawe amalize madeni. Mchango wa chakula cha mchana shuleni nao tuliuacha. Ni kweli kwamba tangu Januari 2016 elimu ya msingi na sekondari hadi kidato cha nne haina ada, na familia kama yetu imepata nafuu kubwa, lakini madaftari, sare na chakula vipo palepale, na mimi ninayefundisha saa nane mchana najua kumtambua mtoto ambaye hajala.

Msomaji ataniuliza kama mpango huu ulikwenda kama ulivyoandikwa. Haukwenda. Kwa karatasi, baada ya kuiondoa riba, tulipaswa kubakiwa na 166,750 kila mwezi. Aprili na Mei mvua za masika zilinyesha, mbao hazikukauka, watu wakasimamisha ujenzi, na bandani kulipatikana chini ya nusu ya kawaida. Katika miezi ile miwili tuliweza kulipa mbao peke yake. Hapo ndipo nilipoona tofauti ya kudaiwa na mtu anayejua hali yako. Mwenye duka la mbao, ambaye mume wangu alikuwa amemkwepa kwa miezi minne akipita njia ya nyuma, alipofuatwa na kuelezwa alikubali alipwe 78,000 kwa mwezi kwa miezi kumi, bila nyongeza, na alianza yeye mwenyewe kumletea mume wangu wateja ili apate cha kumlipa. Mangi tulimaliza kumlipa Juni. Alichana karatasi ya jina letu mbele yangu, nikamwomba asitukopeshe tena hata nikimtuma mtoto, na ameshika neno lake. Mikopo ya simu tuliimaliza mwezi uliofuata, na nilikwenda kwa wakala kuomba nionyeshwe namna ya kujiondoa katika huduma hiyo, kwa sababu mkopo unaokuja kwa kubonyeza namba tatu usiku wa manane hauwezi kuzuiliwa kwa nia njema. Kikoba kilimalizika Februari ya mwaka huu.

Umebaki mkopo wa benki, miezi kumi na minne. Mara mbili tangu mwaka jana maofisa wa mikopo wamefika shuleni wakati wa mapumziko, wakakaa katika chumba cha walimu na kutueleza kwamba yeyote aliyelipa zaidi ya nusu anaweza kuongezewa. Ni vijana wenye adabu na wanafanya kazi waliyotumwa. Lakini naomba walimu wenzangu waitazame hesabu ilivyo: kuongezewa maana yake ni kuanza upya miaka mingine, na mara makato ya Bodi ya Mikopo yatakapokwisha, zile 129,000 zitakazoachiwa katika mshahara wangu zitaonekana kwenye kompyuta ya mkopeshaji kabla sijaziona mimi. Nimekwisha kuziandikia kazi katika daftari. Mtoto wetu wa kwanza yuko kidato cha tatu, na mbele yake yako mambo ambayo sitaki kuyakopea.

Kwa wenye mamlaka nina ombi moja. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majina ya programu 69 za kukopesha kwa simu zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni, na wengi tulishukuru, kwa maana programu za namna ile zilikuwa zikiwapigia simu hata wakwe na wakuu wa kazi wa mdaiwa. Ofisi za mitaani zinazoshikilia kadi za watumishi nazo hazikujificha. Ziko karibu na mashine za kutolea fedha, na tarehe ya mishahara foleni yake huonekana: mtu mmoja ana kadi saba mkononi na anazitumia moja baada ya nyingine. Kila mlinzi wa benki anamfahamu. Si jambo linalohitaji upelelezi, ni la kutuma mtu akasimame pale siku moja.

Na kwako, Mhariri, ombi langu ni dogo zaidi. Gazeti lako, kama mengine, huchapisha matangazo ya mikopo ya haraka. Sikuombi uyakatae yote, kwa kuwa najua gazeti nalo lina mishahara ya kulipa. Naomba kila tangazo la namna hiyo liwe na namba ya leseni ya mkopeshaji, na lioneshe kwa shilingi, wala si kwa asilimia, kwamba atakayechukua 500,000 leo atakuwa amerudisha kiasi gani baada ya miezi sita. Mimi nafundisha Historia na Kiswahili, sikuwa mbumbumbu wa hesabu, na bado ile 20 niliiona ndogo kwa sababu iliandikwa bila sifuri zake.

Jina langu nimekuandikia pembeni. Naomba lisichapishwe kwa ajili ya watoto.

Ni mimi,
Mwalimu wa sekondari,
Kihonda, Morogoro